Kijana wako hayuko sawa na unaogopa kumuuliza? Muulize hivi

Nianze na swali lenyewe kabla sijazunguka, manake ndo watu wanalikimbia. Swali ni hili: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Basi. Neno lenyewe litamke, kujiua. Sio "huna mawazo mabaya lakini eti?", sio "hutatufanyia mambo ya ajabu wewe?" Ukiuliza hivyo mtoto anashajua jibu unalolitaka, atakupa hilo hilo, hapana mama, mtarudi kulala wote wawili na jambo liko palepale.

Mi sio daktari. Nimekua matroni wa bweni la wasichana miaka kumi na moja hapa Tanzania, nimekaa na watoto saa nane za usiku wakati walimu wote wamelala, semina mbili tatu nimepelekwa, na kukosea nimekosea, ntafika huko. Ninachoandika ni kwa mzazi, shangazi, mama mdogo, kaka mkubwa, yeyote mwenye kijana ndani ambae kabadilika na mtu hujui uanzie wapi.

Najua mnachoogopa. Mnaogopa ukimuuliza utakua umemtia wazo ambalo hakua nalo. Hili limefanyiwa utafiti miaka na miaka na jibu ni hapana, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kama hakua nalo atakushangaa tu, "mama leo umekula nini?" Kama alikua nalo utamwona anashusha pumzi, mabega yanashuka, afu machozi. Nimeyaona hayo mabega.

Utamjuaje

Watu wazima tunategemea mwenye sonona (ndo dipresheni hiyo kwa Kiswahili) awe amejikunyata kona analia. Kijana mara nyingi halii, anakua mkali. Ukimwita anaitika kama umemtukana, anagombana na wadogo zake kwa sababu ya sabuni, mama anasema "huyu kaharibikiwa na simu", baba anasema "fimbo imepungua". Wengine mwili ndo unaongea, kichwa kila siku, tumbo kila siku, malaria akipima haina, typhoid haina, anarudishwa darasani na panadol. Bwenini kwetu mtoto wa tumbo la kila jumapili jioni nilikua siku hizo namuona mvivu wa prepo, saivi ningemkalisha chini nimuulize nyumbani kuna nini.

Stresi ya kawaida ina mlango wa kutokea, mtihani ukiisha na yenyewe inaisha. Sonona inakaa. Kipimo ambacho hata hospitali wanakianzia ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hana raha ya kitu chochote hata vile alivyokua anavipenda, na imegusa usingizi, kula, shule na marafiki. Mpira kaacha, kwaya kaacha, kuoga mpaka asukumwe. Kuna na wasiwasi uliopitiliza, mtoto moyo unaenda mbio anahisi anakufa na hospitali wanasema moyo mzima. Na kuna ule ugonjwa ambao mtu anasikia sauti za watu wasiokuwepo au ana uhakika majirani wanamwekea sumu, huo unapenda kuanza ujanani mwishoni, na bangi inauchochea kwa wenye asili nao. Zikiwa sauti zinamwamuru ajidhuru usisome zaidi hapa, mpeleke hospitali leo.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 mpaka 19, ana tatizo fulani la afya ya akili, na kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 mpaka 29 duniani. Mi hesabu yangu ni ya bwenini, chumba cha vitanda saba vya dabo deka wanalala wasichana kumi na nne, kwa hiyo wawili.

Sasa zile dalili za kukufanya uache unachofanya ni hizi. Maneno kama "mtapumzika nikiondoka", "mtanikumbuka", "bora nisingezaliwa", hata akiyasema kwa kucheka. Anagawa vitu anavyovipenda, jezi, hereni, daftari la nyimbo. Ametoka magrupu yote ya WhatsApp, amefuta picha, anaomba msamaha kwa watu ambao hakuwakosea. Anavaa mikono mirefu kwenye joto la Dar na hataki kukunja, hapo angalia kama anajiumiza, na ukikuta alama usipige kelele wala usiite mtaa. Watu wanasema anayejiumiza anatafuta kiki tu. Hata kama, mtu anaejiumiza ili aonekane si ana shida ya kuonekana? Muone.

Na ile inayowapotosha wengi, kijana alikua na giza miezi, ghafla siku moja katulia, mchangamfu, anasaidia kazi, nyumba nzima mnashukuru Mungu. Inaweza kua nafuu kweli. Inaweza pia kua ameshaamua. Siku hiyo ndo ya kuuliza.

Nyakati zenyewe mnazijua. Januari matokeo ya fomu foo yanapotoka na mtaa mzima unauliza divisheni ngapi. Kukamatwa na simu shuleni akasimamishwa. Picha zake zimesambazwa. Mimba. Kuachwa (msicheke, kwa miaka 16 kuachwa ni msiba kamili). Kufiwa. Kufanyiwa ubaya na ndugu wa ndani ya nyumba, hiyo nisiipite, mabinti niliokaa nao usiku wengi walikua na hiyo chini kabisa ya mzigo. Ila jueni jambo moja peke yake mara chache linafikisha mtu huko, huwa yamerundikana, kwa hiyo usiseme "yaani kwa ajili ya ziro tu?" Sio ziro tu.

Mazungumzo yenyewe

Nani aongee? Sio lazima mama. Kuna nyumba mtoto hawezi kumwambia mama kitu lakini bibi anaambiwa yote, au shangazi, au mjomba kwa wavulana. Chagua yule ambae mtoto akiwa nae anakaa muda mrefu, mengine yatafuata.

Wapi? Usimwite sebuleni baba kakaa upande huu mama upande huu TV imezimwa, hiyo ni kesi. Ongea mkiwa mnafanya kitu, mnachambua mchele, mnasukuma chapati, mnatembea kwenda dukani, mnakaa upande kwa upande hamtazamani machoni. Vijana wanaongea vizuri wakiwa hawatazamwi.

Anza na ulichokiona, sio ulichohukumu:

"Naona siku hizi chakula unagusa tu, na usiku nakusikia unatembea. Sikugombezi. Nataka tu kujua unapitia nini."

"Hamna kitu."

Hapo wengi wetu ndo tunaharibu, tunajaza. Usijaze. Endelea na chapati yako, hesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Kimya kinafanya kazi zaidi ya maswali kumi. Asipojibu bado:

"Sawa. Mtu akichoka sana kuna mahali anafika anaona bora afe tu. We umefika huko?"

"...Mara nyingine."

"Umefikiria kujiua?"

Akisema ndio, neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe "asante kwa kuniambia". Lifanyie mazoezi bafuni kama hulizoei, manake siku hiyo roho itakua imekuruka na utatoa chochote kilicho karibu. Afu muulize polepole, ameshapanga atafanyaje? hicho kitu anacho au anajua kilipo? amepanga lini? ameshawahi kujaribu? Kadri majibu yanavyokua na sura, na siku, na kitu mkononi, ndo hatari inavyokua karibu. Mwenye mpango na kitu cha kufanyia hakai peke yake hata dakika tano, ni hospitali usiku huohuo.

Akikwambia "usimwambie mtu", usikubali. Mwambie "hili siwezi kukaa nalo peke yangu na wewe hutakiwi kukaa nalo peke yako, ila tutachagua pamoja tumwambie nani". Atakasirika, mwache akasirike.

Sasa kosa langu. Binti wa fomu tatu, mpole, alikuja chumbani kwangu saa nne usiku nahesabu mashuka, akasimama mlangoni akasema "matroni mi nimechoka". Nikamjibu bila kuinua kichwa, "umechoka nini na wewe, hulimi huchoti maji, nenda kalale." Akasema "haya matroni, shikamoo", akaenda. Usiku wa kuamkia jumatatu tulimkimbiza hospitali. Alipona, Mungu mkubwa, saivi ana maisha yake. Nilipoenda kumuona wodini aliniambia, bila hata hasira, "si nilikuja kwako." Mpaka leo mtu akiniambia amechoka nakaa chini.

Kwa hiyo yale maneno yetu, ni dhambi hiyo, unataka kutuaibisha, wenzako hawana hata ada, sisi tulitembea peku kilometa ngapi, yote mtoto anasikia kitu kimoja, kwamba mlango umefungwa. Dhambi anaijua. Aibu anaijua kuliko wewe, ndo maana yupo alipo.

Usiku huo

Mtu asilale peke yake. Mdogo wake wa miaka tisa sio mlinzi, mtu mzima aburute godoro.

Afu zungukeni nyumba. Dawa za shamba, za panya, vidonge vyote hata vya presha vya bibi, vitu vya makali, vikafungiwe au bora zaidi vitoke kabisa viende kwa jirani. Watu wananibishia hapa, "akitaka atapata tu njia nyingine". Sio kweli kwa wengi, na ushahidi upo. Sri Lanka miaka ya tisini walikua na vifo vya kujiua vingi kupita kiasi, wakaanza kupiga marufuku dawa za mashambani zile kali moja baada ya nyingine, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilishuka kwa kama asilimia 70. Hawakupewa furaha wale watu, waliondolewa kitu tu. Manake lile wimbi kali la kutaka kufa huwa linapita, mara nyingi ni dakika, au masaa, na akilivuka bila kitu mkononi anaweza kuamka kesho yake na kushukuru. Kazi yako usiku huo ni kulivusha wimbi.

Akishatulia, kesho yake au hata hospitali, chukueni daftari muandike mpango. Huu mpango walioutengeneza ni wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na unatumika sehemu nyingi sana duniani sababu ni karatasi moja tu na peni. Aandike yeye, kwa maneno yake, wewe unauliza tu. Kuna mmoja alinionyesha wake, ulikua hivi, nimebadilisha vitu asijulikane:

Najua inaanza nikikaa bafuni muda mrefu na nikianza kusoma meseji za zamani. Naweza kufanya mwenyewe: kuosha uso maji baridi, kusuka, kusikiliza kaswida. Naweza kwenda: kwa bibi Temeke, au kukaa dukani kwa mama Asha pana watu. Naweza kumwambia: mama mdogo, hata usiku. Wakishindwa: kupiga simu 116, hospitali ya wilaya. Vya hatari: funguo anazo mama mdogo. Nabaki kwa ajili ya: mdogo wangu Ima, na nataka kuona bahari ya Zanzibar.

Umeona? Sio insha. "Kukaa dukani kwa mama Asha pana watu", hiyo hakuna daktari angeiandika.

Hospitali, na polisi mnaowaogopa

Ukifika mapokezi usiseme "mtoto anaumwa kichwa" kwa aibu utapangwa foleni ya malaria. Sogea karibu useme taratibu, "nina kijana ana mawazo ya kujiua, naomba aonwe leo." Uliza kama wana muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Anza na iliyo karibu, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, watakuandikia rufaa ikihitajika. Kubwa mnazijua, Muhimbili, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Mirembe Dodoma, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, na kwa ndugu zetu Kenya kuna Mathari Nairobi. Na tuache ule utani wa "huyu wa Mirembe", mtoto aliekua anataniwa hivyo tangu la tatu unadhani atakubali kwenda?

Simu: 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi, kwa Tanzania na Kenya pia, na Uganda ni hiyohiyo 116. Kenya kuna na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mzazi unaweza kupiga wewe, sio lazima mtoto.

Sheria, manake kuna watu wanakaa na mtoto aliejidhuru ndani wakiogopa kukamatwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kua ni kosa. Kenya walikua na kama hicho, cha 226, Mahakama Kuu ikakitangaza kinapingana na katiba Januari 2025. Kwa maoni yangu na sisi tungekifuta jana, mgonjwa haponi kwa hati ya mashtaka. Lakini soma vizuri, kuwaza sio kosa mahali popote, kwa hiyo kumpeleka mtoto anaewaza hakuna polisi hapo. Na aliejidhuru mkimbize, kila saa ina maana, mambo ya karatasi yatafuata akiwa tayari kwenye mikono ya daktari. Hata akikwambia "nimetapika niko sawa" mpeleke, kuna madhara yanakuja siku mbili tatu baadae.

Akiandikiwa dawa, ulizeni zinafanyaje kazi. Dawa za sonona kama fluoxetine hazifanyi kama panadol, zinachukua wiki mbili mpaka nne na zaidi kabla hujaona kitu, na kwa vijana wiki za mwanzo ndo za kumwangalia kwa karibu zaidi sababu kwa wachache mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Akizidiwa rudini. Asiache ghafla kwa kuona amepata nafuu. Dawa azishike mtu mzima, awe anampa ya siku. Na wengi wanahitaji kuongea na mshauri kuliko vidonge, au vyote viwili.

Dini? Mpelekeni, sina ugomvi, mi mwenyewe nasali. Shehe au mchungaji mwenye kusikiliza ni hazina. Ila mtoto ambae tayari chakula hali usimfungishe siku tatu, na akipigwa kutolewa pepo hiyo ni kupigwa. Na kliniki iendelee wakati maombi yanaendelea, havigombani. Mganga wa elfu themanini ya jogoo mweusi mniachie nisiseme.

Akirudi nyumbani

Wiki na miezi ya kwanza baada ya kutoka hospitali ndo hatari zaidi, na ndo wakati watu wanaacha kuja kuangalia sababu "si karuhusiwa". Usipunguze macho hapo. Ila kumwangalia sio kumfuata chooni kila dakika, kubalianeni, mfano anakutumia meseji saa saba mchana na saa moja jioni, neno moja tu, "nipo".

Majirani na ndugu wakiuliza, "alikua anaumwa, anaendelea vizuri, asanteni" inatosha. Hadithi ni yake, akitaka kuisimulia ataisimulia mwenyewe. Shuleni mwambie mtu mmoja au wawili, mwalimu wa malezi na matroni au patroni, sio stafu rumu nzima. Omba arudi taratibu, asidaiwe kazi zote za mwezi kwa siku moja, na kama kilichomsukuma kilikua palepale shuleni, mwalimu anaemdhalilisha au genge bwenini, usimrudishe mpaka kieleweke, hata kumhamisha sio kushindwa.

Wadogo zake nao waelezeni kwa kiasi chao. Wanajua. Walimuona anabebwa.

Na wewe mama, shangazi, ambae hujalala wiki nzima, tafuta mtu wa kupokezana nae. Tarehe ya kliniki iandike ukutani pale mnapoandika namba za luku, na ile karatasi ya mpango mwambie aipige picha abaki nayo kwenye simu, manake ya daftari ikishalowa mara moja hamtaisoma tena.